Mkeka wa Maua ya Uwandani

Mama yangu hajawahi kumpokea mgeni bila kufagia. Akisikia kuna mtu anakuja, hata awe dada yake mwenyewe ambaye huja kila Jumamosi, hushika ufagio wa chelewa, akainama, akafagia mbele ya nyumba mpaka mchanga ukabaki na mistari iliyonyooka. Utotoni tulikatazwa kuikanyaga mistari hiyo kabla ya mgeni. Yeye ndiye wa kwanza kuweka mguu. Naanza na habari hii kwa sababu asiyeijua, akisikia alichokifanya mama yangu Uwandani, atasema mama aliingiwa na wazimu, na mtu akisema hivyo mbele yangu tutakosana.

Nyumba yetu iko Changamwe, upande unaoteremka kuelekea Jomvu. Mbele yake kuna uwanja mpana wa nyasi ambao sote tunauita Uwanda. Ni ardhi ya wakfu. Mtu mmoja wa zamani aliutolea msikiti, Mungu amrehemu, na tangu hapo haukulimwa wala kujengwa. Majirani zake wote wamekwisha kuliwa. Kushoto kuna yadi ya makontena, kulia kuna maghorofa ya kupangisha, na nyuma inapita barabara ya malori ya bandarini. Uwanda umebaki hapo katikati na nyasi zake, na masika yakiisha huota maua.

Yako ya manjano, madogo kama vifungo vya shati. Yako ya buluu yanayofumba jua likipanda. Uko mkalamu unaopanda juu ya nyasi na maua yake mekundu yaliyogeuzwa kichwa chini. Na yako marefu ya rangi ya zambarau, yanayotoka ardhini kwa shina moja lisilo na jani, ambayo watoto waliyaita masikio ya punda. Katikati ya nyasi hizo huishi ndege mdogo wa rangi ya udongo, anayetaga chini kana kwamba hajasikia kuwa duniani kuna miti.

Sisi watu wa pwani tuna kiburi katika mambo ya maua, na mimi siombi radhi. Kwetu ua ni lile linalonukia: asumini, waridi, kilua, mlangilangi. Ua lisilonukia hatulipi hata nafasi kichwani. Maua ya Uwandani hayanuki kitu, kwa hivyo tuliishi nayo miaka yote hiyo tukiyaita magugu.

Aliyetufumbua macho ni wifi yangu, mke wa kaka, mtu wa bara anayefundisha shule ya msingi. Alikuja na rafiki yake aliyesomea mimea. Yule rafiki alifika penye masikio ya punda, akapiga magoti juu ya nyasi na suruali yake nzuri, akainamisha kichwa mpaka karibu na ua. Mama akaninong'oneza kama mgeni anaumwa tumletee maji. Alipoinuka alituambia kwamba ua lile sasa limebaki mahali pachache sana katika pwani nzima, kwa sababu nyanda kama hizi zimejengwa zikaisha, na kwamba yule ndege wa udongo naye yuko mashakani vivyo hivyo. Mama akamtazama, akayatazama masikio ya punda, akasema, "Kumbe tumekaa na wakubwa bila kuwaamkia."

Mwaka uleule kamati ya msikiti ikatangaza kwamba tajiri mmoja wa malori anataka kukodi Uwanda awe anaegesha magari yake. Sitaisema vibaya kamati. Paa la msikiti lilikuwa linavuja, na imamu alikuwa amehamisha mswala wake mara kadha akikimbia matone. Lakini mama ana pumu. Malori ya barabarani tu yanamtosha, na daktari alikuwa amekwisha kusema kuwa vumbi na moshi vikizidi, itabidi ahame. Kaka yangu, ambaye ni mwana mwema lakini ana haraka, alikuwa tayari amempakia rangi chumba kule kwake Mtopanga na kumwekea feni.

"Mtopanga n'naenda kwenye arusi na matanga," mama akamwambia. "Kuhamia siendi. Hapa ndipo nilipoingia bibi arusi, na hapa ndipo nitakapotolewa."

Wifi akapendekeza tuandike barua, watu watie sahihi. Mama akakataa. Alisema karatasi wazee wa kamati wataitumia kufunikia kikombe cha chai. Yeye anajua kusuka mikeka, na mtaani petu wanawake wengi wanajua, Waswahili, Wagiriama na hata wale wa bara waliojifunza kwa kukaa barazani. Basi tusuke mkeka mkubwa wa msikiti, upande wa wanawake, na ndani yake tuutie Uwanda wote. Wazee watakapokuja kuikagua ardhi watandikiwe huo, waone ni kitu gani wanachokikodisha.

Kwa wasiojua, mkeka hausukwi mzima. Husukwa ukili, yaani utepe mwembamba mrefu wa miyaa, majani ya mkindu yaliyokaushwa, na kila ukili ukiisha hushonwa na mwenzake kwa sindano kubwa iitwayo shazia, mpaka kili nyingi zinakuwa mkeka mmoja. Kwa hivyo kila mwanamke alichukua ua lake, akaenda kulisuka kwake. Ikawa mtaa mzima unanuka rangi inayochemka. Sufuria za wali ziligeuka zambarau. Mchana ungewakuta wanawake wamechuchumaa Uwandani, kila mmoja na miyaa mkononi, anatazama ua, anasuka, anafumua, anatazama tena. Sijawahi kuwaona watu wazima wakiwa na furaha kama ile kwa sababu ya majani.

Mimi ni karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, na vidole vyangu vimezoea kompyuta. Nilipewa yale ya manjano kwa kuwa ni mepesi. Ukili wangu hata hivyo ulikwenda kombo, ukaingia huku, ukatokea kule. Mama aliuinua mbele za watu.

"Mwanangu, ukili huu una kiuno. Wacheza chakacha?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Nilinuna kidogo, lakini moyoni nilifurahi, kwa sababu mama akicheka bila kukohoa ni neema.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wa ndege. Wifi alitaka ndege awemo. Mama akamweleza kwa upole kwamba mkeka huu utasaliwa, na juu ya kitu cha kusalia hatuweki picha ya kiumbe chenye roho. Wifi akauliza, "Sasa tutafanya aje? Ndege ndiye ako karibu kuisha kabisa." Zikapita siku za kununiana kwa heshima. Mwishowe jirani yetu Mgiriama, mwanamke wa maneno machache, akaja na ukili wa kahawia wenye nundu ndogo nyeupe katikati. Alikuwa amesuka mayai. Mama aliuzungusha mikononi, akafikiri, akasema yai bado halijatiwa roho, na hata likitiwa, halionekani. Ndege akaingia kwenye mkeka kwa mlango huo.

Mama ndiye aliyeshona. Mishono yake ukiitafuta huioni, na hilo analijua, kwa hivyo hukupa mkeka na taa pamoja. Ulipokamilika tuliutandaza sebuleni, ukajaa mpaka ukutani. Nilikaa pembeni yake nikaushika tu.

Wazee wakapanga kuja Jumamosi asubuhi. Ijumaa nilikwenda kazini, wifi akaenda shuleni kwake, na mama akabaki na ugeni kichwani.

Niliporudi jioni nilimkuta amekaa barazani, amejifunga leso kiunoni, uso umemng'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama kazi yetu."

Nikageuka kutazama. Nyasi zilikuwa zimefyekwa zote. Zilikuwa zimerundikwa kando ya ukuta wa makontena, na kutoka mlangoni petu mpaka ukuta ule, mchanga ulikuwa umefagiliwa kwa mistari iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine, bila unyayo hata mmoja. Mama alikuwa amewaita wanawake wote wa mkeka, na kwa mapanga na fagio walikuwa wameutayarisha Uwanda kwa wageni. Katikati kilibaki kishungi kimoja cha nyasi. Yule jirani Mgiriama alikuwa amekuta kiota chenye mayai, akasimama mbele yake na panga lake, akakataa kufyeka yeye wala mwenzake.

Nikiri kwamba palikuwa pasafi. Sijapata kuona mahali pasafi vile.

"Mama," nikasema, "maua yako wapi?"

"Yako jikoni. Kwani ningeyatupa? Mimi n'na akili zangu."

Niliingia jikoni. Ndoo yetu ya maji ilikuwa imejaa maua, ya manjano, ya buluu, mikalamu, na masikio ya punda yote, yaliyobaki mahali pachache katika pwani nzima, yamechomekwa kwa mpangilio mzuri. Yalikuwa yananukia. Mama alinifuata mlangoni, akaniambia kesho kila mzee atapewa shada lake, na kwa kuwa maua yenyewe ni mabubu, ameyanyunyizia marashi.

Nilikuwa na hasira, na sikujua niipeleke wapi. Huwezi kumgombeza mtu kwa kukufagilia.

Wifi ndiye aliyesema. Alifika na mkoba wake wa vitabu, akasimama, mkoba ukamtoka mkononi.

"Mama, kesho tutawaonyesha nini?"

"Mkeka."

"Mkeka ulikuwa wa kuwaonyesha kitu kiko pale. Sasa pale hakuna kitu, mama. Ni yadi. Imebaki tu malori kuingia."

"Mgeni hapokewi kichakani, mwanangu. Nyoka je? Na kanzu zao..." Mama akaanza vizuri, halafu akaona wifi analia. Akamtazama. Kisha akautazama Uwanda tena, polepole, kutoka mlangoni mpaka ukutani, kama mtu anayesoma herufi asizozizoea. Nilimwona akielewa. Alikaa chini na kuushika mguu wa kiti.

"Basi nimejihamisha mwenyewe," akasema.

Nilimletea dawa yake ya kuvuta, akaivuta, akaenda kulala bila kula. Nikajua kwamba kile chumba cha Mtopanga kimepata mtu.

Alfajiri, baada ya sala, nilimkuta barazani amekunja miguu. Mkeka ulikuwa mapajani mwake, na mkononi alikuwa na wembe. Alikuwa anakata mishono.

"Mama, wafanyani?"

"Nafumua. Kaa unisaidie, na uangalie usinikatie miyaa."

"Mkeka mzuri vile!"

"Nitaushona tena, mkono si huu?" Hakuinua macho. "Sikiza. Maua yale nimeyakata mimi, na wenzangu. Hakuna ajuaye yalipokuwa kama sisi. Masikio ya punda yalikuwa pale penye kichuguu, na mengine matatu yalijificha nyuma ya jiwe. Mkalamu ulikuwa umeukumbatia ule mti mkavu. Kila ukili utalala pale ua lake lilipokuwa. Wageni nitawaonyesha nilichowaharibia. Nenda ukawaamshe wenzio, na kila mtu aje na bilauri."

Nilienda mlango kwa mlango. Hakuna aliyeuliza maswali mengi, kwa sababu usiku ule, nadhani, hakuna aliyelala vizuri. Walikuja na bilauri zao za kabatini, zile za arusi zenye ukingo wa dhahabu ambazo hazijawahi kunywewa maji. Wakaingia Uwandani na kili zao mabegani, na hapo nikaona jambo lililonishangaza: hawakubishana. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja mpaka mahali pake, akautandika ukili wake mchangani, na mwisho wa ukili akaweka bilauri ya maji na maua yaliyokatwa hapo. Ukili wa mayai ulitandikwa mbele ya kile kishungi cha nyasi. Wangu ulifuata kijia cha mbuzi, ambacho nacho kimepinda huku na kule, na maua ya manjano yalikuwa yakiota pembeni mwake tangu nilipokuwa mtoto. Mama alisimama kando yake akiutazama.

"Leo kiuno chake kimepata kazi," akasema. Hata wifi alicheka.

Wazee wakafika jua likiwa limeanza kupata nguvu. Mwenyekiti wa kamati ni mstaafu wa bandari, mtu mzima mwenye kanzu iliyopigwa pasi na simu isiyopoa. Alikuja akizungumza nayo, miguuni amevaa makubadhi mapya. Pamoja nao alikuja yule tajiri wa malori, ambaye nilitamani awe mtu mbaya, lakini alikuwa kijana mpole, amevaa mabuti makubwa ya kufunga kamba na ameshika utepe wa kupimia.

Mwenyekiti alifika penye ukili wa kwanza, bado anamweleza mtu simuni habari za mabati. Akasimama mbele yake. Kisha, bila kukatiza maneno, bila hata kutazama chini, akavua makubadhi yake, mguu mmoja na wa pili, akaingia. Waliomfuata wakavua vyao. Hakuna aliyewaambia. Mtu wa kwetu haambiwi kuhusu mkeka, amefundishwa na mama yake kabla hajajua kusema. Viatu vyao vikabaki vimejipanga ukingoni mwa Uwanda, na wazee wa kamati wakawa wanatembea peku juu ya mchanga, wakipita katikati ya kili na bilauri, sauti zao zimeshuka zenyewe.

Yule kijana aliyatazama mabuti yake, akazitazama zile kamba, akaamua kusubiri nje.

Mama akawafuata wazee, akiwaonyesha kama anayewaonyesha vyumba vya nyumba yake. Hapa palikuwa na haya. Hapa na haya. Alipofika penye kichuguu alisimama kupata pumzi, na nikaogopa, lakini ilikuwa ni aibu tu.

"Haya ndiyo yaliyobaki mahali pachache," akasema. "Nimeyakata jana kwa mkono wangu, nikidhani nawapa nyinyi heshima. Mniwie radhi."

Mwenyekiti alikuwa amezima simu. Sijui aliizima lini. Wifi akamweleza kwamba ua hili huishi kwa kiazi chake kilicho chini, na kwamba mvua ikinyesha litarudi, ili mradi ardhi isishindiliwe na isimwagiwe saruji. Mzee akatikisa kichwa polepole. Wakasogea mpaka penye kishungi cha nyasi, na hapo ndege wa udongo akaruka miguuni pao, akatua hatua chache mbele, akawapigia kelele. Mzee mmoja akachungulia. Akaona mayai ya kweli, na mbele yake mayai ya miyaa. "Subhanallah," akasema, akarudi nyuma kwa ncha za vidole.

Kijana wa malori akapaza sauti kutoka ukingoni. "Mzee, nije tupime sasa?"

Mwenyekiti akageuka kumtazama. Akaitazama ile safu ya viatu. Halafu akaitazama miguu yake mwenyewe, mitupu, imejaa mchanga, na nikamwona akishangaa namna ilivyofika hapo.

"Bwana mdogo," akasema, "hapa mimi nimevua viatu. Wewe nitakuambiaje utie malori?"

Kijana akacheka, wazee wakacheka, na utepe wa kupimia ukarudi mfukoni. Baadaye nilisikia alipata mahali kule Miritini. Mama hakucheka. Alijifunika uso kwa pindo la leso, mabega yakawa yanamtikisika, na nilipomshika alinisukuma kidogo akaniambia nisisimame tu kama mlingoti, wageni hawajanywa chai. Wazee waliondoka na mashada yao yenye marashi mikononi, na mwenyekiti alilinusa lake mpaka njia panda.

Paa la msikiti tulilitafutia njia nyingine. Wanawake wa mtaa sasa husuka mikeka ya maua ya Uwandani na kuiuza, na watu wa Nyali huitundika ukutani, jambo ambalo mama analiona ni kichaa lakini halikatazi. Ule mkeka wa kwanza aliushona tena. Uko msikitini, upande wetu, na nikisujudu juu yake huwa najaribu kuutafuta mshono uliokatwa. Sijauona.

Masika yaliyofuata nyasi zilirudi zote. Masikio ya punda yalichelewa, tukaanza kuogopa, kisha yakatokea penye kichuguu, machache, na nyuma ya jiwe. Moja likatokea mahali ambapo halijawahi kuota, hatua moja kutoka kizingiti chetu, katikati ya mchanga ambao mama huufagia kila siku. Nilidhani atalifunika kwa kikapu. Hakufanya hivyo. Anafagia mpaka akilifikia, anauinua ufagio, analizunguka, na ile mistari yake iliyonyooka inajipinda pale, kisha inaendelea.

Juzi kaka alikuja. Akasema chumba cha Mtopanga kiko tupu, feni inazunguka bure, na mama azidi kufikiri. Mama alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai, mbele yake lile ua limesimama kwa shina lake moja.

"Kipangishe," akamwambia. "Mimi n'na mgeni. Siwezi kumwacha peke yake."